Kompyuta ya Zamani na Linux: Tunachokagua Kabla ya Kugusa Diski

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipohitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, wamiliki wengi wa kompyuta za zamani wamebaki njia panda: mashine bado inafanya kazi, lakini Windows 11 inaikataa kwa kuwa haina chipu ya usalama ya TPM 2.0 au prosesa yake haimo katika orodha iliyokubaliwa. Linux, mfumo endeshi wa chanzo huria usiohitaji leseni ya kununua, unaweza kuiongezea mashine hiyo miaka kadhaa ya kazi. Hata hivyo, si kila kompyuta inafaa, wala si kila mtumiaji, na ndiyo maana huduma yetu huanza na ukaguzi.

Prosesa ya biti 64 haina shida. Ya biti 32 ni habari nyingine, kwa sababu Ubuntu na Linux Mint, ambazo ni matoleo maarufu ya Linux, ziliacha kuihudumia zamani, na Debian 13, toleo jingine la mwaka 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Mwenye mashine ya aina hiyo kwa kawaida tunamshauri asiigharamie.

Kuhusu RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), Linux Mint yenye Xfce, yaani mwonekano mwepesi wa skrini na menyu, inataka angalau GB 2, ingawa sisi hatupendekezi chini ya GB 4, kwani kinachomaliza kumbukumbu siku hizi ni kivinjari, si mfumo wenyewe. Mteja mwenye fedha za kubadilisha kifaa kimoja tu tunamwambia aondoe diski ya kuzunguka na kuweka SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka, yenye kasi zaidi), maana mara nyingi uzito anaoulalamikia unatoka hapo, na Linux pekee haiuondoi.

Kisha tunaiwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, bila kuandika chochote kwenye diski, na kumwomba mwenyewe aijaribu: Wi-Fi, sauti, kamera, printa, hata kuifunika na kuifunua aone kama inaamka. Wi-Fi ndiyo husumbua zaidi, hasa kwenye chipu za Broadcom, ambazo nyingi huhitaji programu ya ziada ya kuziendesha.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote huwa ni kazi ya mteja. LibreOffice hufungua nyaraka za Word na Excel, lakini mpangilio wa kurasa unaweza kuhama na makro (amri za kujiendesha ndani ya nyaraka) zikakataa. Anayetegemea programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa Windows pekee, hatumhamishi.

Usakinishaji wa kawaida hufuta diski nzima. Kwa hiyo tunanakili mafaili kwanza, na mteja huyafungua mwenyewe kutoka kwenye nakala kabla hatujaendelea. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows unaolinda data, tafadhali njoo na ufunguo wake wa kurejesha, pamoja na chaja na orodha ya programu unazotumia kila siku.