Shukrani kwa mama wa supu, Mikindani

Jumamosi iliyopita tulimwoza binti yetu hapa Mikindani. Saa kumi na mbili asubuhi mpishi tuliyekwishamlipa nusu akazima simu. Mchele kilo 40 upo, nyama kilo 30 imeshakatwa, wageni 200 wanakula saa saba, wengine wako njiani kutoka Lindi, na jikoni hakuna hata moto.

Nikakimbilia sokoni. Mama mmoja anayeuza supu na chapati alinisikiliza, akauliza mawili tu: "Mchele umechambuliwa? Sufuria kubwa mnazo?" Akamwachia bintiye meza, akapanda bodaboda, na njiani akawapigia wenzake wawili.

Alianza na nyama, maana ndiyo inayochelewa. Vitunguu alivikaanga mwenyewe, hakumwachia mtu, mpaka vikawa kahawia iliyoiva. Alisema pilau ikikosa rangi hapo haiipati tena. Maji yalipokauka akapalia makaa juu ya mifuniko, akaketi pembeni kuyachunga, kanga yake yote moshi. Saa saba na robo sinia la kwanza likatoka. Hata ukoko uligombewa.

Nilipompa hela alichukua ya wenzake na ya bodaboda. Yake akakataa: "Mtoto ni wetu sote, baba."

Kwa pilikapilika zile hata jina sikumuuliza. Mama, harusi ile uliibeba wewe. Ndugu zangu wa Mikindani, mkienda sokoni asubuhi kunywa supu, kaeni mezani kwake, na mfikishieni salamu zangu.