Ulezi wa vijana upimwe kwa kudumu kwake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalosifiwa mara nyingi na kuchunguzwa mara chache, nalo ni utaratibu wa kumkutanisha kijana anayeishi katika mazingira magumu na mtu mzima wa kujitolea, asiye mzazi wake, wala mwalimu wake, wala ofisa ustawi wa jamii, ili awe karibu naye na kumwongoza. Mtu huyo nitamwita mlezi. Naunga mkono utaratibu huu kwa moyo wote, na ndiyo maana nasikitika ninapoona programu zikijisifu kwa idadi ya vijana waliopewa walezi siku ya uzinduzi, bila yeyote kuuliza ni wangapi kati yao bado wanaonana na walezi hao baada ya mwaka.

Kwamba mtu mzima mmoja anaweza kugeuza mwelekeo wa maisha ya mtoto ni jambo lenye ushahidi wa miaka mingi. Mtafiti wa saikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia hadi ukubwani watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Takriban theluthi moja yao walihesabiwa kuwa katika hatari kubwa kwa sababu ya umaskini, matatizo ya wakati wa kuzaliwa, ugomvi wa nyumbani, au ulevi na maradhi ya akili ya wazazi. Hata hivyo, kama theluthi moja ya watoto hao walikua wakawa watu wazima wanaojimudu, wanaojiamini na wanaowajali wengine. Miongoni mwa yaliyowatofautisha na wenzao ni kwamba kila mmoja alikuwa na angalau mtu mmoja aliyempenda na kumkubali jinsi alivyo, na mara nyingi mtu huyo alikuwa bibi, shangazi, jirani au mwalimu.

Walezi hao hawakupangwa na ofisi yoyote. Walikuwapo tu, mwaka hadi mwaka, na mtoto alijua pa kuwakuta. Programu za ulezi zinajaribu kuunda kwa mpango kile ambacho ukoo na ujirani vikiwa imara hukiotesha vyenyewe, na zikichukua kazi hiyo hazina budi kuchukua pia sharti lake, ambalo ni kudumu.

Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa vijana 959 wa umri wa miaka 10 hadi 16 walioomba walezi kupitia Big Brothers Big Sisters, shirika linalowakutanisha vijana na walezi wa kujitolea. Baadhi yao walipangiwa walezi mapema na wengine wakabaki katika orodha ya kusubiri. Baada ya miezi 18, uwezekano wa kuanza kutumia dawa za kulevya ulikuwa chini kwa asilimia 46 kwa waliopangiwa walezi, na wa kuanza kunywa pombe ulikuwa chini kwa asilimia 27. Takwimu hizi hunukuliwa kila mahali. Kisichonukuliwa ni walichokiona watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walipozichambua upya taarifa za vijana hao mwaka 2002: waliokaa na walezi wao mwaka mmoja au zaidi ndio walionufaika zaidi, ilhali wale ambao uhusiano wao ulivunjika kabla ya miezi mitatu walishuka katika jinsi walivyojithamini na walivyouona uwezo wao wa masomo. Tena, uhusiano wa vijana waliowahi kunyanyaswa ulikuwa rahisi zaidi kuvunjika mapema, na hao ndio waliouhitaji kuliko wote.

Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Kijana aliyehamishwa kutoka kwa ndugu mmoja hadi mwingine, aliyeahidiwa na watu wazima na kuachwa nao, haanzi uhusiano mpya akiwa mtupu. Mlezi anapoacha kuja, kijana huyo hajiambii kwamba kazi zimemzidi mlezi; hujiambia kwamba hata huyu naye ameniona sifai. Na kwa kuwa anatazamia kuachwa, huenda akamjaribu mlezi mapema: atakosa miadi, atakaa kimya saa nzima, atajibu kwa ukali swali la upole. Walezi wengi huchukulia hayo kuwa utovu wa shukrani na kujiondoa, wakati huo ndio mtihani wenyewe, na anayeendelea kuja wiki baada ya wiki ndiye hatimaye huaminiwa. Mlezi asiye na mtu wa kumpigia simu katika kipindi hicho si rahisi avumilie.

Kinachofanywa wakiwa pamoja nacho kina uzito. Mlezi anayekuja na orodha ya tabia za kurekebisha huchosha na huchoka. Yule anayempa kijana nafasi ya kuchagua watafanya nini, na kumsikiliza kabla ya kumshauri, ndiye anayekaribishwa tena. Sisemi maadili na masomo yasizungumzwe. Nasema yana wakati wake, na kijana mwenyewe huonyesha wakati huo umefika.

Kuwachunguza walezi kabla ya kuwaruhusu kukutana na watoto halina mjadala. Bali uchunguzi huo uende mbali zaidi ya rekodi za polisi. Mtu aulizwe waziwazi kama anaweza kuahidi mwaka mzima, na asiyeweza ashukuriwe na kupewa kazi nyingine, kama kufundisha somo fulani au kuchangia gharama, kwa maana huko kuondoka kwake hakutamvunja mtu moyo. Pale ambapo uhusiano unalazimika kukoma, kijana aambiwe mapema na kwa ukweli, na mlezi mwenyewe aje kuaga badala ya kutuma ujumbe kupitia ofisini.

Najua hili lina gharama. Mratibu anayefuatilia kwa karibu jozi chache, yaani kijana na mlezi wake, huleta ripoti yenye idadi ndogo, na wafadhili hupenda idadi kubwa. Ningewaomba wafadhili hao, pamoja na waandishi wako, Ndugu Mhariri, kila wanapoalikwa kwenye uzinduzi wa programu ya ulezi waulize maswali mawili: ni jozi ngapi za mwaka uliopita bado zinakutana, na nani huwapigia simu walezi mambo yanapokuwa magumu. Programu isiyo na majibu hayo isipewe vijana wengine kabla haijayapata.

Wako mwaminifu,
Msomaji wako