Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi Zanzibar: tuwekeeni japo kibao pale ilipokuwa stesheni ya treni

Assalaam alaykum Mheshimiwa. Mimi ni abiria tu wa gari za 502, Bububu na mjini asubuhi na jioni, na ninaloliomba halihitaji mabilioni.

Wiki iliyopita ndani ya gari mtoto wa skuli, mkoba umemzidi kimo, alimuuliza bibi yake Bububu mana yake nini, bibi hajajibu, utingo kaning'inia mlangoni akadakia "mlio wa treni huo, bu-bu-bu, zamani treni ikija mpaka huku", mtoto akamwangalia bibi yake akasema muongo huyo, treni ziko bara, Zanzibar haijapata kuwa na treni. Na gari zima kimya, hata mtu mmoja hakumwambia kitu. Mheshimiwa niliumia, na simlaumu mtoto, mana angeiona wapi?

Jina utingo kakosea, Bububu ilikuwa ishaitwa Bububu kabla ya treni, Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliishi huko kabla hajaondoka Unguja 1866 na treni ilikuwa bado kabisa. Lakini treni ilikuwepo kweli. Kampuni ya Wamarekani ya New York ndo iliyotandika reli, miaka ya 1904 na 1905, maili 7 tokea pale Ngome Kongwe, ikapita Malindi, ikafuata pwani mpaka Bububu, yani njia hii hii tunayobanana sisi leo kwenye 502. Serikali ikainunua 1911, abiria wakaacha kupanda 1922 barabara zilipotengenea na magari yakaingia, ikabaki kubeba mawe ya kazi za bandari halafu ikang'olewa.

Na hiyo si ya mwanzo. Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alikuwa na reli yake ya kwenda kwenye kasri la Chukwani, mwanzo mabehewa yakikokotwa na nyumbu, baadae akaleta injini, alipofariki 1888 na reli ikafa nae. Hebu tupige hesabu, Tanga reli imeanza kujengwa 1893, Mombasa 1896, sisi huku tumeshapanda na tumeshashuka! Leo watu wanavuka na boti kwenda Dar wapande treni ya SGR mpaka Dodoma, wakirudi wanahadithia kama kitu ambacho kisiwa hichi hakijawahi kukijua.

Bibi yangu mzaa mama alihadithiwa na mamake kwamba treni ikipita Malindi ilikuwa karibu na milango hivo kwamba watoto wanavutwa ndani, na kanga zilizoanikwa zikitiwa matundu na cheche za moto, mwenyewe alikuwa akinionyesha kwa kidole, tundu dogo hivi, kama la sigara. Hichi kitu hakimo kwenye kitabu chochote nilichosoma skuli. Nani atamuhadithia yule mtoto wa kwenye gari?

Sasa ombi langu. Pale Ngome Kongwe ndo palipokuwa stesheni, na ngome yenyewe ilishatumika kama karakana ya reli, wekeni kibao kwa Kiswahili fasaha cha kusomeka, kiseme treni ilianzia hapa na mwaka gani. Kimoja Malindi. Kimoja Bububu, tena kiwe pale watu wanaposubiria gari, sio pembeni wanakopita watalii peke yao. Na stendi yoyote mpya mtakayojenga mpeni mtu ukuta mmoja achore ramani ya ile reli, mtu akisubiri gari aisome.

Lakini kabla ya kibao, Mheshimiwa, tumeni vijana wenu wapite Malindi, Mtoni na Bububu wakawarekodi wazee waliohadithiwa na wazee wao na waombe picha zilizomo makabatini. Bibi yangu hakurekodiwa na mtu, na mimi wakati ule nilikuwa mdogo, nimebakiwa na hilo tundu la kanga tu.

Wako,
Abiria wa 502