Barua ya wazi kwa Mtendaji wa Huduma za Jamii, Kaunti ya Kisumu: Kufuta jina si kumficha mtu

Mheshimiwa,

Tunakuandikia kuhusu makala za kitaaluma zinazotokana na kazi ya ustawi wa jamii vijijini, kuanzia Seme na Nyakach hadi Muhoroni na uwanda wa Kano. Tunaomba idara yako iwe na utaratibu wake wa kuwawezesha maafisa wa mashinani kuandika na kuchapisha, na utaratibu huo uanze kwa kumlinda anayeandikwa.

Tuanzie kwenye ulinzi, maana hapo ndipo makala ya kijijini huharibika. Mwandishi hufuta jina la mhojiwa, akaandika "Mama A, miaka 43", akadhani amemaliza. Katika mtaa mkubwa wa mjini huenda ikatosha. Lakini ukisema "mjane mwenye mapacha, mmiliki wa boti mbili katika ufuo mmoja wa Seme", kila mvuvi na kila mchuuzi wa omena ameshamjua. Na ikiwa makala yenyewe ni ya jaboya, ule mtindo wa mchuuzi kudaiwa ngono ndipo auziwe samaki, mama wa watu ameanikwa mbele ya watoto wake. Simu zimefika kila ufuo. Kilichochapishwa ng'ambo husomwa Kombewa siku hiyo hiyo.

Dawa ipo na haina gharama. Umri uandikwe kwa makundi: 40 hadi 49, si 43. Wadi isitajwe pale ambapo kaunti ndogo inatosha. Katika jedwali, kundi lenye watu chini ya watano liunganishwe na jingine, na jumla nazo zikaguliwe, kwa sababu msomaji anaweza kutoa jumla moja kwa nyingine akafichua kilichofichwa. Visa vitatu au vinne vinavyofanana vinaweza kusukwa kuwa kimoja, mradi mwandishi aseme wazi katika sehemu ya mbinu kwamba amefanya hivyo. Kisha rasimu ipewe afisa anayelijua eneo lile na ambaye tayari ana ruhusa ya kuziona faili zake, aambiwe: jaribu kumtambua huyu. Akimtambua, sehemu hiyo iandikwe upya.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko upande huu. Kifungu cha 53 kinaruhusu data iliyokusanywa kwa kazi nyingine itumike kwa utafiti, ila isichapishwe kwa namna inayomtambulisha mtu. Sheria hiyo hiyo inahesabu hali ya ndoa na majina ya watoto, wazazi na wenzi kuwa data nyeti. Faili ya afisa wa ustawi imejaa hayo tangu ukurasa wa kwanza.

La pili ni mpangilio wa vibali. Afisa huhoji familia kumi na tano baada ya mafuriko ya Nyando, anaona ana jambo zito la kusema, ndipo anakumbuka kamati ya maadili ya utafiti. Amechelewa. Kamati haiidhinishi utafiti uliokwisha kufanyika, na jarida makini litauliza namba ya idhini kabla ya kusoma aya ya pili. Inaanza idhini ya kamati ya maadili (Chuo Kikuu cha Maseno wanayo, na hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga vilevile), inafuata leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, halafu mtafiti anaripoti kwa serikali mashinani. Kama habari tayari zimo kwenye faili za kazi, njia haijafungwa kabisa: kamati huombwa idhini ya kutumia kumbukumbu zilizopo. Hilo ni ombi la aina nyingine, lenye maelezo ya nani atazishika faili, majina yatatolewa katika hatua gani, na kwa nini wahusika hawawezi kufuatwa mmoja mmoja kuombwa ridhaa.

Ripoti ya idara si makala, na kuikata kurasa hakuifanyi iwe makala. Ripoti hueleza kila kilichofanyika. Makala hujibu swali moja. "Hali ya wazee Nyakach" si swali. "Mzee aliyefutika alama za vidole kwa kazi ya jembe hupitia wapi ndipo apate Sh2,000 zake za Inua Jamii, ruzuku ya serikali kwa wazee?" Hilo ni swali, na afisa aliyekaa foleni na wazee hao ana cha kulijibu. Majarida mengi ya fani hii huomba maneno kati ya 5,000 na 7,000, na ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni, ya 150 hadi 250. Ikisiri iandikwe mwisho.

Lugha nayo ina mitego yake. Mahojiano hufanywa kwa Dholuo, makala hutoka kwa Kiingereza, na katikati hapo maana humwagika. "Chira" ikitafsiriwa kuwa laana tu, msomaji hataelewa kwa nini mgonjwa aliyekonda hakupelekwa zahanati: chira humpata mtu kwa kuvunja mwiko, na familia inaweza kutafuta kwanza pa kuutengeneza mwiko huo. Neno la asili libaki ndani ya makala, lielezwe kwa sentensi moja. Sehemu nzito za mahojiano zitafsiriwe na mtu mmoja, kisha mwingine azirudishe kwenye Dholuo bila kuona maneno ya kwanza. Pasipolingana ndipo pa kukaa na kujadili.

Hapo bajeti huingia. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa huchukua saa nne hadi sita kuiandika neno kwa neno, kabla ya tafsiri. Mahojiano kumi na matano ya saa moja moja ni saa 60 hadi 90 za kukaa na vipokea sauti masikioni. Afisa anayezunguka wadi mbili kwa bodaboda hawezi kuzipata usiku. Tunaomba siku mbili kwa mwezi, kwa miezi sita, zitengwe kwa maandishi, na kila afisa aunganishwe na mhadhiri mmoja. Hatuombi semina ya hotelini.

Kuhusu jarida la kupeleka: linaloahidi kuchapisha ndani ya wiki moja, likakuita "Profesa mashuhuri" kwenye baruapepe, linawinda pesa. ISSN yake, namba ya kulitambulisha jarida, ihakikiwe kwenye tovuti ya ISSN yenyewe, na DOI, viungo vya kudumu vya mtandaoni vya makala zake za zamani, zijaribiwe kama zinafunguka. Kwa majarida ya Afrika, AJOL, hifadhi ya mtandaoni ya majarida hayo iliyoanza 1998, ni mahali pazuri pa kuanzia. Yapo majarida ya heshima yasiyomtoza mwandishi chochote. Kwa yanayotoza, punguzo la waandishi wa nchi kama yetu liombwe makala inapowasilishwa, kwa maana wachapishaji wengi hawasikilizi ombi hilo makala ikishakubaliwa. Majibu ya wapitiaji, wataalamu wanaoikagua makala kwa niaba ya jarida, huchukua miezi, wakati mwingine mwaka. Makala ipelekwe jarida moja kwa wakati mmoja.

Na jina la bosi katika orodha ya waandishi, Mheshimiwa. Mwandishi ni aliyechangia wazo au data au uchambuzi, akashiriki kuandika au kusahihisha, akaidhinisha nakala ya mwisho, akakubali kuwajibika kwayo. Yote manne. Aliyetia sahihi barua ya ruhusa hushukuriwa mwishoni, na shukrani si haba.

Fomu ya ruhusa ya idara iwe na masharti mawili yasiyo na hiari. Kwanza, jina na sahihi ya aliyejaribu kuwatambua wahusika akashindwa. Pili, tarehe ya baraza ambapo matokeo yatasomwa, yakiwa kurasa mbili kwa Dholuo na Kiswahili, kabla makala haijatumwa kwa jarida, ili wenyeji wakisema "hapa mmekosea" bado kuwe na nafasi ya kurekebisha. Rasimu ya fomu hiyo tumeiandaa, ukurasa mmoja, na tuko tayari kuileta ofisini siku utakayotupangia.

Wako katika utumishi,
Wakufunzi na maafisa wa ustawi wa jamii, Kisumu