Kwa vijana mnaohudumia wateja wa hisa Nairobi

Wanangu,

Nilikuwa karani wa udalali wa hisa hapa jijini hadi nikastaafu. Sasa niko upande wa pili wa kaunta, pamoja na wenzangu wenye mvi. Wengi wetu tulinunua hisa za Safaricom mwaka 2008, zilipouzwa shilingi 5 kila moja, tukaziacha zikae. Leo ndizo akiba ya dawa na chakula, na akiba hiyo haitoki bila kupitia mikononi mwenu.

Anayemwibia mzee mara nyingi si mgeni. Ni mwana, ni mpwa, ni yule anayemsomea ujumbe wa simu. Wala haanzi kwa kuuza hisa. Hubadilisha kwanza namba ya simu, kisha akaunti ya benki itakayopokea malipo. Agizo la kuuza likifika, taarifa zote zinamwendea yeye. Kwa hiyo ile fomu ya kubadilisha namba, mliyozoea kuipiga muhuri upesi upesi, ndiyo ya kutazamwa kuliko zote. Ipigieni kwanza namba ya zamani. Ikiwa simu imepotea kweli, mwenye akaunti aje mwenyewe, na asipoweza kutembea, mmoja wenu amfuate nyumbani. Najua foleni ni ndefu. Nendeni tu.

Mzee akija na msindikizaji, semeni na mzee. Inaniuma kumwona karani akimuuliza kijana, "Anataka kuuza ngapi?" na mama mwenye hisa ameketi papo hapo, kakumbatia mkoba wake. Mwombeni kijana asubiri nje. Kisha muulizeni mama kwa lugha anayoielewa, iwe Kikuyu, Kikamba au Kijaluo: unauza kwa nini, pesa zinakwenda wapi, nani alikushauri? Akisita na kutazama mlangoni kabla ya kila jibu, msiuze siku hiyo.

Hata hivyo, msimfanye mtoto. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na pia ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Akiamua mwenyewe kuuza hisa zote amlipie mjukuu karo, ni mali yake.

Huko Marekani, tangu 2018, madalali hutakiwa kumwomba mteja jina la mtu anayemwamini, wa kupigiwa simu mambo yakitia shaka. Mtu huyo hapewi ruhusa ya kuuza wala kutoa pesa. Dalali akishuku kwamba mteja wa miaka 65 au zaidi anadhulumiwa, anaweza kusimamisha malipo kwa muda. Nanyi ongezeni mstari wa jina hilo kwenye fomu zenu, na jina lisiwe la yule yule mwenye hati ya uwakilishi, yaani karatasi inayomruhusu mtu kutenda kwa niaba ya mwenye mali. Kuhusu hati hiyo, kumbukeni kwamba mwenye mali akifariki, nguvu ya hati imekwisha.

Hisa zikiuzwa kwenye Soko la Nairobi, malipo hukamilika baada ya siku 3 za kazi. Zitumieni siku hizo kupiga simu. Mkiona dalili mbaya, mwandikieni meneja, naye akinyamaza, iandikieni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, inayosimamia madalali wa hisa. Msingoje familia ilalamike, maana huenda mwizi ndiye anayeisemea.

Mzee wenu,
Karani mstaafu, Nairobi