Tuwekeeni baraza jamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme kuhusu baraza. Sio la mawaziri wala la madiwani, nasema lile la simenti mbele ya nyumba, ingawa ukiangalia vizuri jina ni hilohilo, watu walikuwa wanakaa pale wanamaliza mambo yao mpaka kikao chenyewe nacho kikaitwa baraza.

Mi nimekulia Kariakoo kwenye nyumba ya Kiswahili, zile za korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, uani ndo jiko, choo na kamba za nguo. Wapangaji sita na hakuna aliyekuwa ndugu wa mwenzie, lakini tuliishi kama ndugu na mi naamini ni kwasababu ya lile baraza. Alfajiri mama mmoja anakaanga vitumbua pale, mchana wazee na bao lao, jioni mtu akitoka kazini lazima apite mbele ya watu asalimie, kwahiyo asipoonekana siku mbili anagongewa mlango. Mgeni hata kama chumba chako ni kimoja unampokea barazani, haoni kitanda chako wala hujisikii vibaya. Ile nyumba saivi ni ghorofa, chini fremu za maduka, na wanaoishi juu sidhani hata wanajuana majina.

Wenzetu wa Mji Mkongwe Zanzibar mabaraza yao ya mawe bado yapo, mvua kubwa ikijaza vichochoro watu wanapita juu yake, na Lamu mlangoni kuna daka, yaani kibaraza cha kuingilia, lenye viti vya mawe pande mbili. Yaani aliyejenga alishamfikiria mtu ambaye hata hajafika.

Sasa kilichonifanya niandike. Mwezi uliopita nilimpeleka mama ofisi moja ya umma, jina silitaji, kufuatilia mafao ya marehemu baba. Jengo jipya, vioo kuanzia chini mpaka juu. Tulifika mapema mlango haujafunguliwa, wazee wengi wamesimama kwenye pevingi, hakuna benchi hakuna mti hakuna hata paa lililotoka nje kidogo, na jua linapiga kwenye vioo linawarudia usoni. Mama magoti yanamsumbua akakaa kwenye ukingo wa maua, mlinzi akaja akamwinua. Yule kijana simlaumu, kaagizwa, namlaumu aliyechora ramani na aliyeipitisha, maana kwa joto la Dar kioo kinaingiza jua kutwa nzima alafu umeme wa LUKU unaisha kwa viyoyozi vya kutoa hilo joto, na mwananchi mwenye shida yake anafika mlangoni anajiona kama kaja kuomba.

Na sio kwamba hatujui kujenga. Soko la Kariakoo alichora Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, likafunguliwa 1975, miavuli mikubwa ya zege juu, chini kivuli, hewa inapita yenyewe. Mama alikuwa akinipeleka pale kila Jumamosi na nakumbuka ule ubaridi ukiingia tu kutoka barabarani, nyanya hazinyauki, na muuza dagaa na mtu wa suti wote wako chini ya mwavuli mmoja. Lilipoungua Julai 2021 nilikaa kimya siku nzima.

Ombi langu kwa halmashauri zetu ni dogo. Mtu akileta ramani ya jengo la umma anaulizwa choo kiko wapi, gari zitapaki wapi, basi aulizwe pia watu watakaa wapi kabla mlango haujafunguliwa. Baraza la hatua tatu na paa la kuzuia jua, tofali na simenti tu, halishindi bei ya vile vioo.

Sisi tumeambiwa turudi wiki ijayo. Safari hii nambebea mama kigoda chake.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam