Tupunguze nyama, lakini tuangalie na makaa

Mhariri,

Wanaotuhimiza tupunguze nyama ili kuyanusuru mazingira wanasema kweli, ila maneno yao huishia sokoni. Hawaingii jikoni, na hapa Mombasa, ambako nyumba nyingi bado zinapikia makaa, ni jikoni ambako faida hiyo huteketea.

Ng'ombe na mbuzi hucheua. Vijidudu vya tumboni mwao vinapochachusha majani hutoa gesi ya methani, na mnyama huibeua. Kwa kipimo cha miaka 100, gesi hiyo hunasa joto takriban mara 28 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Utafiti wa Poore na Nemecek wa mwaka 2018, uliokusanya takwimu za mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119, ulionyesha kuwa gramu 100 za protini ya ng'ombe wa nyama huleta wastani wa kilo 50 za gesi joto. Za njegere hazifiki hata kilo 1. Huo ni wastani wa dunia, na ng'ombe wa Tana River halishwi soya iliyopandwa kwenye msitu uliofyekwa. Lakini malisho yake ni haba, hukua polepole, na hubeua miaka mingi zaidi kabla ya kufika buchani.

Badala ya nyama tuna mbaazi, kunde na pojo. Hizi zina vifundo mizizini vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo mkulima hununua mbolea kidogo. Mbaazi ndiyo bora kwetu: mzizi wake huzama chini sana, hustahimili ukame, na mashina yake yakikauka ni kuni.

Sasa makaa. Tanuri la udongo la kienyeji hula kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo 1 ya makaa. Mbaazi kavu zikitiwa sufuriani bila kurowekwa huweza kukaa motoni saa 2 au 3. Basi ziroweke tangu usiku, saa 8 hadi 12, maji mara tatu ya mbaazi, kisha umwage maji hayo. Usitie ukwaju, ndimu wala nyanya mpaka ziive, kwa sababu uchachu huzuia punje kulainika. Tui jepesi litangulie. Tui zito litiwe mwisho, kwa moto mdogo, huku unakoroga, la sivyo litakatika.

Anayetaka kubana makaa zaidi atumie kikapu kilichotandikwa blanketi kuukuu pande zote. Chemsha mbaazi zilizorowekwa kwa dakika 20, funika, zifukie kikapuni zikiwa bado zinatokota, na uziache saa 3 au 4. Maharagwe mekundu ni lazima yatokote kwa nguvu dakika 10 kamili kwanza, kwa kuwa yana sumu isiyokufa kwa moto wa uvuguvugu. Na chakula kisilazwe kikapuni. Joto likishuka, kwa hali yetu ya hewa kitachacha kabla ya alfajiri.

Kwa wenye kuacha nyama kabisa, pamoja na samaki, mayai na maziwa: mimea haina vitamini B12, itafuteni kwa vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Madini ya chuma ya kunde hufyonzwa vizuri ukikamulia ndimu sahanini, na vibaya ukishushia na chai ya rangi. Chai isubiri kama saa moja.

Wapishi wengi hukata tamaa kwa jambo ambalo si kosa lao. Maharagwe na mbaazi zikikaa ghalani miezi mingi katika joto na unyevu wa pwani hugeuka ngumu, na hapo hata ukichochea moto kutwa hazilainiki. Nusu kijiko cha chai cha magadi katika maji ya kurowekea kilo moja husaidia. Ukizidisha, zinakuwa na ladha ya sabuni. Dawa hasa ni kununua za kutosha wiki mbili tatu tu. Tunawaomba wafanyabiashara wa Kongowea na Marikiti watenge magunia ya mavuno mapya na ya zamani, wayaandike mwezi wa mavuno, na za zamani waziuze kwa bei nafuu, maana mnunuzi atazilipia tena kwa makaa.

Wasomaji wenu,
Tudor, Mombasa